Siku Watakapokuzoea

Karatasi yenyewe bado ninayo. Iko kwenye droo ya chini ya meza ya fotokopi, ndani ya bahasha ya kaki, na sentensi moja katikati yake imekatwa kwa biro nyekundu. Biro ni yangu. Ninayetaka kumsimulia hapa ni Patrisi, wala si mimi, ila msomaji akiona mahali fulani nasitasita, ajue ni kwa ajili ya karatasi hiyo.

Mwaka 2009 nilikuwa na duka la stesheneri hapa Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Nilikuwa nauza madaftari na kupiga fotokopi, na nyuma ya pazia nilikuwa na kompyuta tatu za intaneti, mbili nzima na moja korofi. Jina langu Scholastika, mtu wa Kibosho. Nilifuata biashara huku kama wenzangu wengi wa Kilimanjaro, na wenyeji wanapenda kututania kwamba Mchaga akiona kivuli cha mtu anauliza kodi ya pango. Wateja wangu walikuwa walimu, madereva wa watalii, na wanafunzi wanaotafuta mitihani iliyopita. Patrisi aliingia siku ya kwanza akiwa na povu la sabuni mpaka magotini, kwa kuwa alikuwa anaosha magari ya safari ng'ambo ya barabara. Nikamfukuza akajifute kwanza. Alijifuta, akarudi, akanisalimia kana kwamba sikumfokea.

Alikuwa Mwiraqw wa Endabash. Utotoni alikimbia pekupeku kwenda shule, kilomita saba asubuhi na saba jioni, akashinda mashindano ya tarafa, ya wilaya, ya mkoa, mpaka akaitwa kambini Arusha pamoja na vijana ambao baadaye wangekwenda kukimbia Ulaya. Siku ya tano kambini mshipa wa kisigino ukakatika. Alirudi kwa mama yake akiwa na miaka kumi na tisa na jozi ya viatu vya mbio ambavyo kimoja hakikuwa na kazi tena. Nilipomfahamu alikuwa na thelathini na tatu, anatembea vizuri, anakimbia polepole, na hana kinyongo na mtu yeyote. Hilo la kutokuwa na kinyongo lilinikera sana, maana mimi ninacho cha kutosha na sikuona kwa nini mwenzangu akikose.

Kazi ya kufundisha ilimwangukia tu. Silvanus, dereva guide mmoja ambaye kitambi chake kilikuwa kimeanza kugusa usukani, aliambiwa na daktari kwamba ana presha. Akamwomba Patrisi amsaidie kukitoa. Baada ya mwezi walikuwa madereva sita uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamevaa fulana za makampuni yao, wanazunguka goli hadi goli huku wauza maziwa wakisimamisha baiskeli ili wacheke vizuri. Mji mzima ukamwita Mwalimu Vitambi. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

Silvanus ndiye aliyemfungulia ukurasa wa Facebook kwenye kompyuta yangu, akamwanzishia na kundi wakaliita Tuanze Taratibu. Patrisi akaandika andiko lake la kwanza kwa vidole viwili, siku mbili nzima: moyo unavyosukuma damu, misuli ya paja inavyofanya kazi, mtu wa presha apime kwanza, mwenye magoti mabovu asiruke, mjamzito aulize kliniki. Lilipata laiki tatu. Moja yangu, moja ya Silvanus, na ya tatu ya Mjerumani mmoja asiyejua Kiswahili.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa watu hawasomi. Wanapita. Mimi nauza vitu kwa watu wanaopita, nawajua."

Basi tukaanza kuandika pamoja. Tulimpiga Silvanus picha ya ubavuni akiwa na singlendi, kitambi chote kikionekana, na chini yake tukaweka maneno haya: Leo usikimbie. Vaa raba, toka nje, tembea hatua mia, rudi unywe chai yako. Ukimaliza andika hapa NIMETOKA. Ndani ya siku tatu watu tisini walikuwa wameandika. Wengine walikuwa Dar, wengine Mwanza, mmoja alikuwa Uingereza na alisema ametoka kwenye theluji. Tulikaa mbele ya kompyuta ile korofi tukitazamana, maana hatukuamini.

Nikaishika kazi ile kuliko duka. Nikagundua kwamba anayeanza mazoezi hataki elimu; anataka apewe kitu kidogo mno, ambacho ataona haya kukataa. Anataka picha ya mtu anayefanana na shemeji yake, wala si ya yule mwenye kifua cha jiwe. Na ukimpa neno moja la kuandika mwishoni, atarudi kuliandika, kwa sababu ameshajiahidi mbele za watu, na wenzake wakiliona nao watataka kuliandika. Maonyo ndiyo yaliyokuwa yanatuua. Kila Patrisi alipoweka onyo, wasomaji walipungua. Nami kila nilipomfutia onyo, waliongezeka. Alinung'unika kidogo, halafu akawa ananiachia. Kufikia mwezi wa saba kundi lilikuwa na watu elfu nne, na Mwalimu Vitambi alikuwa anaosha magari huku watalii wa ndani wakiomba kupiga naye picha.

Mwaka ule ndio ule ambao mvua haikunyesha. Malori ya vitunguu ya Mang'ola yaliendelea kupita kwa kuwa kule wana maji ya mifereji, lakini yaliyoshuka kutoka upande wa geti yalibeba ngozi. Yalipita mbele ya duka yamefunikwa maturubai, na harufu ilibaki barabarani mpaka jioni. Nilikuwa nafunga dirisha nikiendelea kuchapa.

Mwezi wa nane ukaja ujumbe kwenye sanduku la Patrisi. Aliniita nije nisome.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Naipanoi, nipo kijiji cha juu, ndani ya hifadhi. Nimemaliza fomu foo. Mwezi wa kumi na moja kuna usaili wa askari wa wanyamapori, safari hii wanachukua na wanawake. Unakimbia kilomita tano. Mume wangu Senteu amepeleka ng'ombe upande wa Enguserosambu kutafuta majani. Walikuwa sitini, juzi amepiga simu wamebaki tisa. Mimi nipo na mama mkwe wangu Namelok na watoto wawili. Nikiikosa hii kazi sijui tutakula nini. Nataka kuanza mazoezi lakini naona aibu. Huku mtu mzima hakimbii, mwanamke ndiyo kabisa. Nianzeje?"

Patrisi aliusoma mara tatu. Sijui aliona nini ndani yake, pengine ile kambi ya Arusha. Umeme ulikuwa wa mgawo, saa moja ilikuwa imebaki kabla haujakatwa, lakini alikataa kuandika kwenye kompyuta. Akaomba karatasi. Aliandika pale mezani kwangu, amesimama, akikata na kuandika upya.

Ilikuwa siku ya mnada, na duka lilikuwa na watu. Mmoja wao alikuwa mzee Tobiko, Mmasai wa kijiji hichohicho cha Naipanoi, aliyekuwa amekuja kufotokopi barua ya mkutano. Alitusikia tukiuzungumzia ujumbe ule, naye alikuwa anaijua familia ile. Akauliza kwa upole:

"Mwalimu, huyo binti wetu atakimbilia wapi?"

"Njiani tu, mzee. Njia anayoizoea."

Tobiko akatikisa kichwa. "Kwetu njiani hapakimbiwi. Ukimwona mtu anakimbia, kuna simba, kuna nyati, kuna mtoto amepotea. Huulizi. Unashika mkuki unakwenda kule alikotoka yeye."

"Hata kama hajapiga kelele?" nikauliza mimi.

"Kelele inachukuliwa na upepo, mama. Mbio unaziona kutoka kilima cha pili." Akafikiri. "Akimbie uwanja wa shule. Pale watoto wanacheza, tunajua ni mchezo. Njiani atembee kama watu."

Patrisi akamshukuru, akaandika sentensi moja katikati ya karatasi yake: Kama unaishi bomani, kimbia uwanja wa shule tu, njiani tembea. Tobiko akachukua barua zake akaenda mnadani.

Nikaichukua karatasi nikaisoma yote. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, ila ilikuwa ndefu, isingeenea kwenye kioo cha simu. Nikatafuta pa kupunguza. Sentensi ya Tobiko ilikuwa imekaa katikati kabisa, mahali ambapo msomaji ndiyo kwanza anapata moto.

"Hii itoke," nikasema.

"Dada Skola, hiyo ndiyo ya yule binti."

"Una watu elfu nne. Wa bomani ni wangapi? Mmoja. Huyo mmoja mtumie pembeni."

Akakubali. Nikapiga mstari mwekundu, tukachapa, na tukaibandika kwenye kundi dakika chache kabla umeme haujakatika. Ilisomeka hivi:

Unaona aibu kukimbia kwa sababu watu watakuangalia? Watakuangalia. Siku ya kwanza watashtuka, ya pili watauliza, ya tatu watacheka. Wewe wapungie mkono, uendelee. Kimbia njia ileile, saa ileile, mpaka wakuzoee. Siku utakapopita na hakuna aliyeinua macho, umeshinda. Siku hiyo njoo uandike hapa neno moja: WAMENIZOEA.

Neno la mwisho nililibuni mimi. Nililipenda sana.

Umeme uliporudi keshokutwa yake tulikuta watu mia mbili wameipenda na wengine wameishea huko kwao. Nesi wa Singida, baba mmoja mnene wa Tabata, wanafunzi wa chuo, wote wanaahidi. Patrisi alishinda pale anawajibu mmoja mmoja mpaka mwenye magari akaja kumtafuta. Ule ujumbe wa pembeni kwa Naipanoi haukuandikwa. Yeye alisahau, nami nikasahau, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake.

Naipanoi aliichukua posti kama alivyoiona. Kila Jumamosi alitembea hadi zahanati kuchaji simu kwenye sola, na huko akatuandikia habari za wiki. Alikuwa na ucheshi, na sisi tulikuwa tunasubiri Jumamosi kwa hamu. Wiki ya kwanza wanaume walimjia na mikuki mara tatu. Jirani yao, mzee Moloimet, alitoka na kiatu kimoja na sime, akakimbia kumpita yeye, akaenda kutafuta simba ambaye hayupo, akarudi amekasirika hataki salamu. Nilimsomea Silvanus habari hiyo akacheka mpaka akashika meza.

Wiki ya tatu aliandika kwamba mikuki imebaki majumbani. Wanamfuata watoto tu. Wiki ya tano ni mbwa tu. Wiki ya saba aliandika: "Leo mzee Moloimet aliinua kichwa, nikampungia mkono, akashusha. Nimeanza kuwa na kasi, mwalimu. Mama mkwe ananitania kwamba nikipata hiyo kazi nitawakamata hadi mbuzi."

Siku hiyo Tobiko alikuwepo dukani. Mnada ulikuwa mdogo, watu hawakuwa na mifugo ya kuuza. Patrisi akamsomea kwa furaha, akidhani mzee atafurahi kwa ajili ya binti wa kwao. Tobiko alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Kwani si mlisema uwanja wa shule?"

Patrisi akanitazama. Mimi nikajifanya napanga karatasi.

"Chemchemi ya juu imekauka," Tobiko akasema. "Imebaki ya chini, kwenye matete. Nyati nao wanaijua hiyo moja. Wako pale mchana kweupe, wamekonda, wana hasira. Na sasa mmetufundisha tusiinuke."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, mzee, dunia inakwenda, binti anatafuta kazi, ninyi mnataka akae akisubiri ng'ombe waliokufa. Nilisema mengi. Aliniacha nikamaliza, akaweka fimbo yake begani, akatoka bila kuniaga, naye alikuwa mtu wa kuaga kila mtu. Patrisi akasema tumwandikie binti leo hii. Tukamwandikia kwa kirefu, uwanja wa shule, njiani atembee. Lakini Naipanoi alikuwa ameshatuma yake na kuzima simu ili kulinda chaji, na zahanati ilikuwa mbali. Jumamosi iliyofuata hakuandika kitu.

Tulijiambia sola imeharibika. Siku ya kumi bila habari yake Patrisi alikuja mara nne kufungua sanduku, na kila mara alirudi kwenye magari yake. Mimi nilikuwa na kitu kimenikaa kifuani, nikakiita vumbi.

Siku ya kumi na mbili, alasiri, alikuwa kwenye kompyuta ya pili nikasikia anapiga kelele za furaha. Nikatoka mbio mbele ya wateja. Chini ya ile posti, kwenye mstari mrefu wa watu walioshinda, lilikuwepo jina la Naipanoi na neno moja tu.

Wamenizoea.

"Yupo! Mzima kabisa!" Patrisi akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akachapa haraka kwa vidole vyake viwili: Hongera sana dada yangu! Umeshinda! Wote tujifunze kwa dada huyu! Nami nikaandika hongera. Silvanus akaandika. Watu wa kundi waliokuwa wanazifahamu habari zake wakaanza kumiminika, hongera, hongera, mwanamke wa shoka. Kufikia jioni neno lake lilikuwa na pongezi nyingi kuliko komenti yoyote tuliyowahi kupata. Nilifunga duka nikiwa mwepesi, nikanunua maandazi ya kupeleka nyumbani.

Tobiko alikuja siku ya mnada, tarehe saba mwezi wa kumi na moja. Safari hii hakuwa na barua ya kufotokopi. Alikataa kiti. Alimsubiri Patrisi avuke barabara, ndipo akasema, na hakulitaja jina la marehemu, kwa kuwa kwao mtu akishakufa jina lake haliitwi. Mimi nimelitaja, Namelok, kwa sababu mimi si Mmasai, na kwa sababu naona angalau jina lake nisilifiche.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa mbili hivi, ukungu umeshaondoka. Naipanoi na mama mkwe wake walishuka chemchemi ya chini na punda wawili. Nyati dume alikuwa amelala kwenye matete. Alimkamata mama kwenye paja, akamtupa. Naipanoi akamtupia mawe na kumpigia madebe mpaka akaondoka. Akafunga paja kwa shuka lake, akaona damu haisimami, na mwenyewe hawezi kumbeba. Akakimbia kutafuta wanaume.

"Mimi nilikuwa kilima cha pili," Tobiko akasema. "Na Moloimet, na morani sita. Kutoka pale mpaka chemchemi ni kuteremka tu, hujamaliza hata kunusa ugoro umeshafika. Tulimwona."

Aliendelea mwenyewe.

"Moloimet akasema, leo amechelewa kutoka. Kijana mmoja akasema, leo ana kasi, mtihani umekaribia. Alikuwa anatupungia mkono. Lakini kila siku alikuwa anatupungia mkono."

"Na wewe, mzee?" Patrisi akauliza.

"Mimi niliyewaambia," Tobiko akasema. "Mimi pia sikuinuka."

Naipanoi hakuweza kupanda kilima kuwafuata. Korongo lilikuwa katikati. Alikimbia kilomita tatu mpaka bomani, akakuta vikongwe na watoto tu. Waliporudi chemchemi na kipande cha turubai cha kumbebea, mama alikuwa bado anaongea. Alikata roho njiani kabla ya saa sita. Siku nne baadaye binti alitembea mpaka zahanati, akawasha simu, akatafuta ile posti. Akafanya kama tulivyomwambia afanye.

Tobiko alipoondoka Patrisi alifungua kompyuta. Neno lilikuwa palepale na pongezi yake chini yake, na nyingine zilikuwa zinaendelea kuingia tukiziangalia. Mtu wa Tabata alikuwa ameandika: safi sana, hapo ndipo pa kufika. Patrisi alisogeza mshale juu ya pongezi yake mwenyewe, akaushika pale muda mrefu.

"Nikiifuta," akasema, "ataona nimejificha."

Hakuifuta. Posti yenyewe ilikuwa haibadilishiki. Enzi zile ukishabandika umebandika. Akaandika chini, kama komenti, ile sentensi ya Tobiko, neno kwa neno. Haikujibiwa na mtu hata mmoja. Kabla ya jioni pongezi zilikuwa zimeisukuma isionekane.

Usaili ulikuwa wiki iliyofuata. Niseme mapema ili msomaji asihangaike: Naipanoi alikwenda, akakimbia, akawa wa kwanza kati ya wanawake, akaajiriwa. Watoto wake wamesoma kwa mshahara huo. Lakini sisi tulikwenda kumpa pole kabla ya usaili, siku ya pili tu baada ya Tobiko kutuambia. Tulipanda na Silvanus kwenye Landkruza, tumebeba sukari, majani ya chai na unga. Gari lilituacha mahali njia inapoishia, tukatembea. Kwa mbali tuliona chemchemi, matete yamelala chini, na kilima cha pili kiko karibu kiasi kwamba nilitamani kisiwe. Mvua ilikuwa imeanza kukusanyika upande wa kreta. Patrisi alitembea polepole njia yote. Hata matone ya kwanza yalipotuangukia hakuharakisha, nami nilielewa kwa nini, nikalowa pamoja naye.

Naipanoi alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alikuwa amenyoa na hakuvaa shanga hata moja. Alitushukuru kwa vitu, akatuchemshia chai, akatuuliza habari za Karatu, akasema Senteu yuko njiani anarudi na ng'ombe watano. Moloimet alikuwa amekaa mlangoni kwake, hakuinua kichwa tulipopita na hakuinua tulipokaa. Hakuna aliyeitaja posti. Nilianza kufikiri kwamba tutakunywa chai, tutaondoka, na litakuwa limepita.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, niliona umenipongeza."

"Nisamehe, dada yangu."

"Hukujua. Niliandika neno moja kwa sababu nilishindwa kuandika mengi." Alikuwa anaongea kwa utulivu kabisa, akimtazama Patrisi machoni. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Ninakiwaza nikilala, ninakiwaza nikiamka. Kulikuwa na namna nyingine ya kuanza? Kwa mtu kama mimi, wa huku?"

Mkoba wangu ulikuwa magotini. Ndani yake kulikuwa na ile bahasha, sijui kwa nini niliibeba. Pengine nilidhani nitapata ujasiri wa kuitoa. Niliona Patrisi anageuka kidogo upande wangu, kisha anaacha.

"Ilikuwepo," akasema. "Uwanja wa shule. Nilikuwa nimeshaiandika, kwa ajili yako. Halafu nikaikata, ili watu wengi wasome."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nikasubiri Naipanoi amfukuze, nikasubiri amlilie. Alichukua tu kikombe cha Patrisi, kilikuwa bado nusu, akamwaga chai ile nje ya mlango, akakifuta, akakiweka kwenye vyombo. Kwangu alinimiminia nyingine. Alisema, karibu mama, wewe umetoka mbali kuja kutuona.

Nikainywa. Nilikunywa kikombe chote, mkoba uko magotini, na sikufungua mdomo.

Patrisi hakuandika tena. Aliendelea kuosha magari mpaka mwaka 2014 alipohamia kwao Endabash, na njiani akikutana na Naipanoi ndani ya gari la doria, Naipanoi alitazama mbele. Mimi alikuwa ananipa mkono, mama shikamoo, habari za duka. Patrisi aliyaona hayo mara nyingi. Hakuwahi kuniambia neno.